Usanifu wa Tovuti kutoka Kigoma: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya nimeulizwa ofisini kwangu Mwanga mjini Kigoma, kule Kibirizi kwenye dagaa ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, harusini, na kwa simu usiku. Mengine ni ya wenye biashara, mengine ya vijana wanaotaka kujifunza kazi. Nimeanza na ya msingi, nikamalizia na yale yanayokuja mara chache lakini yakija yanaumiza kichwa. Jibu likiwa limeshatolewa mahali pengine, nimetaja namba ya swali.

## Mambo ya msingi

1. Usanifu wa tovuti ni nini? Si kupamba tu?

Ni kazi ya kuamua. Mgeni akifungua ukurasa aone nini kwanza, kidole chake kiende wapi, na kitu gani kiondolewe ili kisimzibie njia. Rangi na fonti, yaani mtindo wa herufi, hufuata baadaye. Anayejenga nyumba haanzi na rangi ya ukuta. Anaanza kwa kuuliza mlango utaelekea wapi na maji ya mvua yatapita wapi.

2. Kanuni zenyewe ni zipi?

Chukua khanga uitandaze mezani. Pindo limezunguka pande zote, mji uko katikati, na jina, yaani yale maandishi, limekaa chini ya mji mahali pake. Hakuna anayefundishwa kusoma khanga. Jicho linaingia lenyewe katikati, linashuka kwenye jina, kisha linarudi kuzunguka pindo. Ukielewa kwa nini linafanya hivyo, umeshika nusu ya kazi hii.

Pindo linatenga cha ndani na cha nje. Mji una kitu kimoja kikubwa kinachotawala. Maua yanajirudia, kwa hiyo nguo nzima inakuwa kitu kimoja. Jina limeachiwa nafasi, halijasongwa na mapambo. Kwenye kioo cha simu mambo ni hayohayo: kilicho muhimu kiwe na uzito kuliko vingine, vitu vianze kwenye mstari mmoja, umbo lirudiwe, maandishi yapumue. Ongeza na ukaribu, yaani bei ikae ubavuni mwa bidhaa yake na namba ya simu ikae karibu na neno "Piga". Wanasaikolojia wa Ujerumani walilichunguza sana jambo hili la jicho kuunganisha vitu vilivyo karibu. Max Wertheimer alichapisha kazi yake juu yake mwaka 1923. Waliokuwa wakichora khanga walikuwa wanalitumia bila kulipa jina.

Kanuni inayovunjwa zaidi na wateja wangu ni ya nafasi tupu. Wanaiona kama kiwanja kilichoachwa bila kujengwa, wanataka nijaze. Huwa nawaomba wasome ukurasa wakiwa wamesimama juani, simu mkononi, kisha turudi kuzungumza.

3. Nina WhatsApp na Instagram. Tovuti ya nini?

Kule wewe ni mpangaji. Akaunti ikifungwa, wateja wako wanaondoka nayo. Usiache kuzitumia, ila uwe na mahali pako pa kuwarudisha watu, hata kama ni ukurasa mmoja wenye kitufe cha WhatsApp.

Anwani za tovuti zinazoishia .co.tz na .or.tz huandikishwa kupitia mawakala walioidhinishwa. Jambo ninalosisitiza kwa kila mtu: anwani iandikishwe kwa jina lako na barua pepe yako, si ya fundi. Tazama swali la 18 uone kinachotokea usipofanya hivyo.

4. Kwa nini unanionyesha mchoro kwenye simu kwanza?

Kwa sababu wateja wako wako huko. Zamani watu walitengeneza tovuti mbili, moja ya kompyuta na moja ya simu. Mei 2010 msanifu Mmarekani Ethan Marcotte alieleza njia ya kuwa na ukurasa mmoja unaojipanga upya kufuatana na upana wa kioo, na ndiyo njia iliyoshika. Mimi naanza na kioo chembamba kabisa. Kinachokosa nafasi pale, mara nyingi hata kwenye kompyuta hakikuwa na kazi.

## Rangi, maandishi na picha

5. Kijivu hafifu kinapendeza kwenye kompyuta yako. Kwa nini unakikataa?

Twende Kibirizi saa sita mchana. Dagaa wameanikwa, mchanga unameremeta, na mama aliyeshika simu ameikinga kwa kiganja ili aone bei. Mwanga wa kioo ameupunguza kuokoa chaji. Pale kijivu hafifu juu ya nyeupe hakionekani kabisa.

Kuna kipimo. Miongozo ya kimataifa ya WCAG, ya kufanya tovuti zitumiwe na watu wote wakiwemo wenye ulemavu, inataka maandishi ya kawaida yatofautiane na rangi ya nyuma yake kwa uwiano wa angalau 4.5 kwa 1, na maandishi makubwa 3 kwa 1. Juu ya nyeupe, kijivu chenye namba ya rangi #767676 ndicho kinachopita kwa kuponea chupuchupu. Mimi sikitumii kwa bei wala kwa namba ya simu. Natumia nyeusi au bluu nzito ya ziwa. Na vitufe viwe vikubwa: toleo la WCAG 2.2 la Oktoba 2023 linataka angalau piksela 24 kwa 24 (vipimo vya CSS, lugha ya kupanga mwonekano wa ukurasa), lakini mkono wenye unyevu wa samaki unahitaji 48.

6. Nitumie fonti ngapi?

Moja inatosha, mbili ni mwisho. Fonti iliyomo tayari kwenye simu haipakuliwi, kwa hiyo haimgharimu msomaji chochote.

7. Picha zangu ni safi sana, mbona ukurasa unachelewa?

Ndizo zinazouchelewesha. Picha iliyopigwa na simu inaweza kuwa na MB 4, wakati kwenye ukurasa inakaa kwenye kisanduku chenye upana wa kiganja. Ipunguze vipimo, ihifadhi kwa WebP, aina nyepesi ya faili la picha, na mara nyingi itashuka chini ya KB 150 bila mtu kugundua tofauti.

Piga hesabu ya bando. Ukurasa wa MB 6 ukifunguliwa na mtu mwenye MB 500, ataufungua mara 83 tu na bando limekwisha. Ukiwa na KB 300, ataufungua zaidi ya mara 1,600. Google nao wana kipimo chao: kitu kikubwa kuliko vyote kwenye ukurasa kionekane ndani ya sekunde 2.5. Ukipima kwa mtandao wa ofisini utajidanganya. Pima ukiwa ndani ya daladala ya Ujiji.

8. Nataka ukurasa ufunguke na video ya machweo ya ziwani. Inawezekana?

Inawezekana, na niliwahi kuifanya. Mwenye nyumba ya wageni alinilipa, ukurasa ukapendeza, tukapongezana. Baada ya wiki tatu akaniambia simu za wageni zimepungua. Nikakaa na dada mmoja aliyekuwa anatafuta chumba kwa ajili ya mgeni wake, nikamtazama. Alifungua ukurasa, video ikawa inazunguka tu haianzi, na namba ya simu ilikuwa chini yake. Hakufika. Alirudi nyuma akachagua kwingine.

Nilibadilisha kwa gharama yangu. Juu nikaweka jina, bei ya chumba na kitufe cha kupiga simu. Machweo yakawa picha moja nyepesi, na video ikawa chini kwa anayeitaka mwenyewe. Tangu siku ile, kabla sijakabidhi kazi, namtafuta mtu asiyeijua nimtazame akiitumia, na mimi nanyamaza.

## Kiswahili kwenye kioo

9. Tovuti iwe ya Kiswahili au Kiingereza?

Jiulize nani anakupigia simu. Muuza vifaa vya ujenzi Kasulu aandike Kiswahili tupu. Anayepeleka watalii Gombe na Mahale anahitaji Kiingereza pia. Anayesafirisha mizigo ya Burundi na Kongo kupitia bandari yetu afikirie Kifaransa kabla ya Kiingereza. Usichanganye lugha mbili kwenye ukurasa mmoja, na kwenye msimbo, yaani maandishi ya kompyuta yanayoujenga ukurasa, tangaza lugha kwa alama ya "sw", ili programu zinazosoma kwa sauti na zile za tafsiri zijue zimekutana na nini.

10. Maneno ya vitufe yanatafsiriwaje?

Hayatafsiriwi, yanatafutwa. Sikiliza mtu akinunua. Hasemi "Wasilisha", anasema "Tuma". Nimeona neno "Angalia" limewekwa pale mteja anapotakiwa kulipa, kwa kuwa mashine ilikuwa imetafsiri maneno bila kujua kazi ya kitufe. "Lipa" lingetosha, na namba ya Lipa Namba chini yake.

Kumbuka pia kwamba Kiswahili hubeba sentensi nzima ndani ya neno moja. "Tutakapowasiliana" ni neno moja, na kwenye kitufe chembamba litatoka nje ya ukuta wake. Violezo vingi vya kununua, yaani kurasa zilizochorwa tayari, vimepimwa kwa maneno mafupi ya Kiingereza. Weka Kiswahili halisi tangu siku ya kwanza ya kuchora, usisubiri mwisho.

11. Saa za kazi niandike vipi?

Hili limewapotezea watu wateja. Ukiandika "Boti inaondoka 2:00", Mtanzania anakuwa gatini saa mbili asubuhi, na mgeni anayesoma kwa saa za kizungu anadhani ni saa nane, za usiku au za mchana. Kwenye ukurasa wa Kiswahili andika "saa 2:00 asubuhi". Neno "asubuhi" ndilo linaloshika maana. Kwenye ukurasa wa Kiingereza au Kifaransa andika 08:00. Usiiachie programu ya tafsiri kazi hiyo.

12. Mteja akitafuta "ng'ombe" hapati kitu, kumbe yupo. Kwa nini?

Kile kialama cha ng' kina sura mbili kwenye kompyuta, iliyonyooka na iliyopinda. Wewe uliandika kwa iliyopinda, mteja akatafuta kwa iliyonyooka, na sanduku la kutafutia linaona herufi mbili tofauti. Wengine huandika "ngombe" bila kialama. Mwambie fundi azichukulie sura zote tatu kuwa neno moja. Ni kazi ya dakika chache, lakini fundi asiyejua Kiswahili hawezi kuikumbuka.

## Ubunifu wenyewe

13. Kama kila tovuti inafuata kanuni hizo, ubunifu uko wapi?

Hili ndilo swali ninalolipenda kuliko yote, kwa hiyo nitalijibu kwa kazi moja.

Mteja wangu anauza dagaa kwa jumla. Siku nzima anapigiwa simu kutoka mikoani: leo mzigo upo? Ukurasa wake wa zamani ulianza na "Karibu kwenye tovuti yetu" na picha ya mashua. Mimi nilikaa naye asubuhi tatu nikisikiliza simu zake. Nikagundua jibu lake karibu kila mara lina mwezi ndani yake. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa. Kipindi cha giza taa zinawavuta, mzigo unakuwa mwingi. Mbalamwezi ikiwaka taa hazifui dafu, wavuvi wengi wanapumzika. Anayenunua akiwa Dodoma hajui hilo, anaona tu kwamba bei imepanda.

Basi juu ya ukurasa nikaweka duara moja, mwezi. Mzunguko wa mwezi ni kama siku 29 na nusu, kwa hiyo ukurasa unaupigia hesabu wenyewe kutokana na tarehe, na duara linajaa na kupungua siku hadi siku. Chini yake kuna mstari mmoja anaouandika mteja wangu kwa simu kila asubuhi: "Mzigo upo", au "Mbalamwezi, subiri siku sita". Mchoro wote hauzidi KB 2. Mwaka 2024 ziwa lilipofungwa kwa uvuvi kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti, duara tuliligeuza kijivu na mstari ukasema ziwa limefungwa.

Ukurasa ule hauna kitu kinachoruka wala kinachometameta. Lakini huwezi kuuhamishia Arusha, wala kuununua kama kiolezo. Umetoka kwenye maji yetu. Ubunifu ninaoutafuta ni wa namna hiyo, na kanuni za swali la 2 ndizo zilizoufanya usomeke.

14. Naweza kutumia michoro ya vitenge na khanga?

Mtindo wa pindo, mji na jina ni wa wote. Mchoro fulani wa kitenge fulani una mwenyewe aliyeuchora, kwa hiyo kuupiga picha na kuubandika si sahihi. Chora wako. Rangi pia usizikope: tazama mawese yakiwa kwenye dumu juani, tazama mgongo wa mgebuka akiwa bado amelowa. Rangi za Kigoma ziko pale.

15. Vitu vinavyotembea kwenye kioo ni vibaya?

Si vibaya vikiwa na kazi. Kitufe kinachobonyea kidogo kikiguswa kinamwambia mtu "nimekusikia". Picha zinazoruka kila unaposogeza ukurasa zinachosha, na kuna watu zinawapa kizunguzungu. Simu zina mpangilio wa kupunguza mijongeo; ukurasa wako uuheshimu.

## Kesho ya kazi hii

16. Akili mnemba itachukua kazi ya wasanifu?

Itachukua ile ya kupanga visanduku, na kwa sehemu imeshaichukua. Ukiiomba ukurasa wa nyumba ya wageni itakupa ndani ya dakika moja, na utafanana na kurasa nyingi ulizokwisha kuziona, maana imejifunza kutoka kwa hizo. Mimi naitumia kuandika msimbo wa kuchosha na kukagua makosa. Siiachii Kiswahili cha vitufe (swali la 10), na haingekaa asubuhi tatu na muuza dagaa. Kijana anayejua kutumia kifaa kimoja tu nina wasiwasi naye. Anayejua kwa nini jicho linaingia katikati ya khanga hana haja ya kuogopa.

17. Nijifunze teknolojia gani ili nisipitwe na wakati?

Tazama kilichodumu. Tim Berners-Lee alipendekeza wavuti mwaka 1989 akiwa CERN, kituo cha utafiti wa fizikia huko Ulaya, na ukurasa wa kwanza ulifunguliwa kwa umma mwaka 1991. Nakala yake ipo na ukiifungua leo kwenye simu unaisoma. Sasa linganisha na Flash, programu ya kuweka michoro inayotembea na michezo kwenye kurasa, iliyokuwa ndiyo ubunifu wenyewe miaka ya 2000: Adobe waliacha kuihudumia tarehe 31 Desemba 2020, na kazi nyingi nzuri zikazimika nayo.

Kwa hiyo HTML, lugha ya kuandikia yaliyomo kwenye ukurasa, na CSS, ya kupanga mwonekano wake, kwanza, tena kwa kina. CSS yenyewe inazidi kuwa na nguvu. Tangu 2017 vivinjari vikubwa, yaani programu za kufungulia tovuti, vina mpangilio wa gridi, na tangu 2023 kisanduku kinaweza kujipanga kwa kutazama upana wa mahali kilipowekwa badala ya kioo kizima. Mengi yaliyokuwa yakihitaji JavaScript (lugha ya kuufanya ukurasa utende kazi) nzito sasa ni mistari michache. Naamini kesho ya ubunifu iko hapo, kwenye kurasa nyepesi zinazojua ziko wapi na zinamhudumia nani. Na kama huna kompyuta, usisubiri: kuna programu za kuandikia msimbo kwenye simu, na daftari la kuchorea halihitaji umeme.

## Mambo ya pembeni

18. Fundi wangu amehama mji na nywila kaondoka nazo. Nifanyeje?

Anza na anwani, kurasa baadaye. Kwenye sajili ya anwani za .tz unaweza kutafuta anwani yako imeandikishwa kwa nani na kupitia wakala gani. Kama ni kwa jina lako, wakala atakusaidia. Kama ni kwa jina la fundi, mtafute kwa upole kabla muda wa malipo haujaisha. Ugomvi haurudishi anwani. Namjua mfanyabiashara aliyepoteza jina alilolitangaza kwenye mabango miaka minne.

Maandishi yaliyopotea yatafute archive.org, wanaohifadhi nakala za kurasa za zamani. Picha mara nyingi hukosekana huko. Zitafute kwenye mazungumzo ya WhatsApp ulikomtumia fundi, ingawa zitakuwa zimepungua ubora.

19. Mtandao ukikatika ziwani, ukurasa unaweza kubaki?

Unaweza. Ukurasa ukijengwa vizuri hujihifadhi kwenye simu mara ya kwanza unapofunguliwa, kisha hufunguka bila mtandao. Kwa ratiba ya boti na namba za dharura nafanya hivyo kila mara, kwa sababu ukishaondoka gatini kwenda vijiji vya kusini mtandao unakuja na kupotea. Andika wazi tarehe ya taarifa: "Ratiba ya Jumatatu", ili mtu asidhani anasoma ya leo.

20. Baadhi ya wateja wangu hawaoni, au hawajui kusoma vizuri.

Kwa wasioona, kila picha iwe na maelezo ya maneno na kila kitufe kiwe na jina. Programu ya kusoma kwa sauti itafanya mengine (tazama pia swali la 9 kuhusu alama ya "sw"). Kwa wasiosoma vizuri, alama ya simu wanaijua, ya bahasha wengi hawaijui. Rekodi sauti fupi, sekunde 20, ya mwenye duka mwenyewe akitaja anachouza na anapopatikana. Kama wateja wako wengi ni wa vijijini, rekodi na ya Kiha. Nilifanya hivyo kwa muuza mbegu wa Buhigwe, na wazee walikuwa wanairudia mara mbili kabla hawajapiga simu.

21. Kwenye fomu niulize mambo gani?

Jina na simu. Kila kisanduku cha ziada kinakupunguzia watu, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inakutaka ukusanye unachokihitaji tu na ukitunze. Namba ya kitambulisho cha mtu anayeulizia bei ya mabati unaitakia nini?